Mikono ya Mbali Katika Mtaala wa Skuli Zetu

Mtu akiuchukua muhtasari wa somo lolote la skuli ya msingi ya Zanzibar, akazisoma zile kurasa za utangulizi ambazo walimu wengi huziruka kwa kuwa hakuna swali la mtihani linalotoka humo, atakutana na maneno yanayojirudia: umahiri, fikra tunduizi, elimu jumuishi, stadi za maisha, ujifunzaji unaomlenga mwanafunzi. Akipata fursa ya kuuangalia mtaala ambao Rwanda iliuzindua mwaka 2015, au mfumo ambao Kenya iliutangaza mwaka 2017, atayakuta maneno yale yale, katika mpangilio unaokaribiana. Hakuna mkataba unaozilazimisha nchi hizi kufanana, na kila moja ina taasisi yake ya kuandaa mitaala. Kufanana huko, basi, kumetoka wapi?

Jambo hili likizushwa barazani, majibu huwa mawili. Wapo wanaosema kwamba wageni wanatuandikia, sisi tunagonga muhuri tu. Na wapo wanaosema kwamba elimu haina kwao, hesabu za Unguja ni hesabu za Ulaya, kwa hivyo hakuna cha ajabu. Kila jibu lina chembe ya ukweli, lakini yote mawili hayaelezi lililo muhimu zaidi, yaani njia ambazo wazo lililozaliwa Paris, Geneva au Washington huzipita mpaka likaonekana katika andalio la somo la mwalimu wa Micheweni au Makunduchi.

Kisheria mambo yako wazi. Kwa mujibu wa Katiba ya Jamhuri ya Muungano, elimu ya juu ni jambo la Muungano, na Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, nalo ni la Muungano. Elimu ya maandalizi, msingi na sekondari haimo katika orodha hiyo. Sera, kwa hivyo, ni ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar kupitia Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, mitaala huandaliwa na Taasisi ya Elimu Zanzibar, na mitihani ya ngazi za chini husimamiwa na Baraza la Mitihani la Zanzibar. Hapana shirika la nje, liwe UNESCO, UNICEF au Benki ya Dunia, lenye mamlaka ya kuongeza hata mada moja katika somo la darasa la tatu. Ushawishi wao hauna budi kutafutwa kabla ya hatua ya saini: katika maneno yanayotumika kulieleza tatizo, katika kipimo kinachotumika kulithibitisha, na katika fedha zinazotolewa ili litatuliwe.

Ushawishi wa namna hii si mgeni visiwani. Mwaka 1924 ujumbe uliodhaminiwa na mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani, ukiongozwa na Thomas Jesse Jones na akiwemo James Aggrey wa Gold Coast, ulizunguka Afrika Mashariki, Zanzibar ikiwemo, ukashauri kwamba skuli za Waafrika zielemee zaidi kilimo, afya na kazi za mikono. Mwaka uliofuata Wizara ya Makoloni ya Uingereza ilitoa waraka wa sera uliobeba fikra hizo hizo. Mashauri ya aina hiyo yalipofika mashamba yalikuta wazee ambao tayari walikuwa na elimu yao: mtoto alikuwa chuoni kwa mwalimu wa Qur'ani, na wengi walisita kumpeleka skuli ya serikali mpaka Qur'ani nayo ilipopewa nafasi katika ratiba. Wakati huo huo, wachache waliofika sekondari walisomeshwa kwa kufuata mtihani wa Cambridge, ambao mtungaji wake hakuhitaji kutia mguu Unguja ili aamue kijana wa Unguja asome nini. Kwa maoni yangu mtihani ule ulikuwa na nguvu kuliko waraka wowote wa sera, na nitalirudia jambo hili mbele.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ndipo yalipokuja mashirika tunayoyajua leo. UNESCO iliasisiwa London mwezi Novemba 1945. Ndani yake, tangu mwaka 1969, imo Ofisi ya Kimataifa ya Elimu ya Geneva, iliyoanzishwa mwaka 1925 na kuongozwa kwa muda mrefu na mwanasaikolojia Jean Piaget, na ofisi hiyo ndiyo inayoshughulika hasa na mitaala. UNESCO haina fedha za kujenga skuli za nchi nzima. Nyenzo yake kubwa ni neno lililokubaliwa mkutanoni. Mkutano wa Jomtien, Thailand, mwaka 1990 ulitoa tamko la elimu kwa wote, ule wa Dakar mwaka 2000 ukalitilia mkazo, na wa Incheon, Korea Kusini, mwaka 2015 ukafungamana na Lengo la Nne la Maendeleo Endelevu. Ukiyasoma matamko hayo kwa mfuatano utaona mkazo ukihama kidogo kidogo, kutoka hesabu ya watoto walioandikishwa hadi hesabu ya kile ambacho watoto hao wamekijua. Nchi iliyokubali tamko hutakiwa kutoa taarifa za utekelezaji, na taarifa hizo hujazwa katika fomu ambazo visanduku vyake vimeshapangwa. Hata ngazi za elimu zenyewe zina orodha yake ya kimataifa, iliyotungwa na UNESCO katika miaka ya 1970 na kufanyiwa marekebisho baadaye, inayoeleza ipi ni elimu ya awali, ipi ni ya msingi na ipi ni ya sekondari. Ni kazi ya makarani, isiyosisimua, lakini ina uzito wake: mfumo usioingia katika visanduku hulazimika kujieleza kila mwaka.

Wanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakiongozwa na John Meyer, waliwahi kulinganisha orodha za masomo ya skuli za msingi za nchi nyingi katika karne ya 20, wakakuta kwamba nchi tajiri na maskini, zenye historia mbali mbali kabisa, zinafundisha karibu masomo yale yale na kuyagawia muda kwa viwango vinavyokaribiana. Maelezo yao ni kwamba serikali, hasa serikali changa, huiga umbo la skuli linalotambulika duniani ili nayo ihesabike kuwa serikali ya kisasa. Kwa maelezo haya mtu hahitaji kulazimishwa. Inatosha ajue kwamba anatazamwa. Hoja hii inaeleza vizuri kwa nini maandishi ya mitaala yanafanana. Haielezi yanayotokea darasani, ambako wanafunzi wengi wanaogawana vitabu vichache huweza kuufanya ujifunzaji unaomlenga mwanafunzi ubaki kuwa sentensi ya utangulizi.

Fedha zina njia yake. Mkopo wa kwanza wa Benki ya Dunia kwa elimu ulikwenda Tunisia mwaka 1962, nao ulikuwa wa majengo. Miongo iliyofuata Benki ilitoka kwenye matofali ikaingia kwenye sera, vitabu na mafunzo ya walimu. Zanzibar ilipata mkopo wa dola milioni 35 mwaka 2016 kwa mradi uliolenga kuinua ufundishaji wa masomo maalumu katika sekondari. Ushirikiano wa Kimataifa wa Elimu, GPE, ulioanza mwaka 2002 kwa jina jengine, huihesabu Zanzibar kuwa mshirika peke yake, mbali na Tanzania Bara, na huitaka kila nchi iwe na mpango wa sekta uliokubaliwa na wizara pamoja na wafadhili waliopo nchini.

Anayetaka kujua ni wapi hasa fedha hugeuka kuwa maudhui asiutazame mkataba wa mkopo. Autazame waraka mdogo unaoitwa hadidu za rejea, ambao humweleza mshauri mwelekezi afanye nini, kwa siku ngapi na akabidhi nini. Hadidu zikisema kwamba mshauri atapitia mtaala kwa kuulinganisha na mifano bora ya kimataifa, atarudi na mifano ya Finland na Singapore, kwa sababu ndiyo aliyotumwa kuitafuta. Zikimtaka akae na walimu wa Kojani na Tumbatu kwanza, atarudi na kitu chengine. Baada ya hapo huja warsha, posho, rasimu, warsha ya pili ya kuithibitisha rasimu, kisha vitabu huchapwa kabla mwaka wa fedha wa mradi haujamalizika. Ratiba hiyo mara nyingi ni ya mfadhili, na mtaala unaohitaji miaka mingi kujaribiwa huwekwa ndani ya mradi wa miaka mitano. Hapa sioni njama yoyote. Naona kalenda mbili zisizolingana.

Kipimo ndicho ninachokiona kuwa na nguvu kuliko maneno na fedha. Mfano unaojulikana zaidi ni PISA, mtihani wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, kwa wanafunzi wa umri wa miaka 15, ulioanza mwaka 2000 na kupima kusoma, hisabati na sayansi. OECD ni jumuiya ya nchi 38, na hapana hata moja ya Afrika. Matokeo ya kwanza yalipotangazwa, Ujerumani, iliyokuwa ikijivunia skuli zake, ilijikuta chini ya wastani. Mjadala uliozuka huko ulikuwa mkali kiasi kwamba ndani ya miaka michache serikali za majimbo zilikubaliana juu ya viwango vya kitaifa vya ujifunzaji, jambo lililokuwa zito katika nchi ambayo kila jimbo lina mamlaka yake ya elimu. Hakuna aliyewaamrisha Wajerumani. Jedwali lilitosha. Baadaye PISA iliongeza elimu ya fedha, kisha umahiri wa kimataifa, kisha ubunifu, na kila kinachoongezwa kwenye kipimo huanza kutafutiwa nafasi katika ratiba za skuli.

Tanzania haimo katika PISA, lakini Zanzibar ina jedwali lake karibu na nyumbani. SACMEQ, umoja wa wizara za elimu za kusini na mashariki mwa Afrika uliolelewa na taasisi ya mipango ya elimu ya UNESCO iliyoko Paris, hupima kusoma na hisabati kwa wanafunzi wa darasa la sita, na katika orodha zake Zanzibar imeandikwa kwa mstari wake, tofauti na Tanzania Bara. Alama za kipimo hicho ziliwekwa ili wastani wa nchi zote uwe 500. Katika awamu ya pili, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Zanzibar ilipata takriban 478 kwa kusoma. Katika awamu ya tatu, mwaka 2007, ilipanda hadi takriban 537. Hisabati ilisogea kidogo tu na kubaki chini ya 500. Takwimu za namna hiyo, zinapowekwa mbele ya wafadhili na wizara kwa pamoja, huamua somo lipi litaitwa tatizo, na somo lililoitwa tatizo ndilo linalopata mradi. Somo la historia au sanaa, ambalo halipimwi na mtu, halina mstari wa kuonesha kwamba limeshuka.

Kipimo kilichofika karibu zaidi na mtoto ni kile cha kusoma kwa madarasa ya mwanzo, kilichobuniwa katika miaka ya 2000 na taasisi ya RTI ya Marekani kwa fedha za USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani. Mpimaji hukaa na mtoto mmoja, humwekea karatasi yenye silabi, kisha maneno, kisha hadithi fupi, na husikiliza kwa dakika moja huku akigusa kwenye kishikwambi kila neno lililokosewa. Mwisho huuliza maswali machache ya ufahamu. Hutoka idadi ya maneno sahihi kwa dakika. Ni njia rahisi, na imeziamsha wizara nyingi zilizodhani kwamba mtoto aliyefika darasa la tatu lazima anajua kusoma. Ila ina mtego wake. Kiswahili hubeba ndani ya neno moja kile ambacho Kiingereza hukitandaza katika maneno manne, hivyo kasi iliyopendekezwa kwa lugha moja haifai kuchukuliwa kuwa kigezo cha nyengine, na mwalimu anayeharakisha watoto ili wafikie idadi huweza kupata wasomaji wepesi wasiojua walichokisoma. Mradi wa Tusome Pamoja, uliofanya kazi Zanzibar na katika mikoa minne ya Bara kuanzia mwaka 2016, ulijengwa juu ya fikra hii ya kupima na kufundisha silabi kwa utaratibu maalumu, na vitabu vyake vya hadithi vilifika madarasani.

Mpaka hapa msomaji anaweza kudhani kwamba upepo wote unavuma kutoka nje. Suala la lugha ya kufundishia linaonesha vyengine. Tangu mwaka 1953 UNESCO imekuwa ikisema kwamba mtoto afundishwe kwa lugha anayoijua zaidi kwa muda mrefu iwezekanavyo. Zanzibar, ambayo ina bahati ya kuwa na lugha moja inayojulikana kila kijiji, ilikuwa ikifuata njia hiyo kwa skuli ya msingi nzima. Sera ya Elimu ya mwaka 2006, ambayo pia ilifanya maandalizi kuwa sehemu ya elimu ya lazima na kupunguza msingi kutoka miaka saba hadi sita, iliamua kwamba hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Ushauri wa zaidi ya nusu karne wa shirika la kimataifa uliwekwa kando, kwa sababu wazee walikuwa wakilalamika kwamba watoto wao wanafika sekondari hawajui Kiingereza, na kwa sababu sekondari yenyewe inafundisha na kutahini kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba mtoto mwenye umri wa miaka kumi au kumi na moja, ambaye hesabu ya sehemu inamtoa jasho kwa Kiswahili, alianza kuisoma kwa lugha ambayo mwalimu wake naye haimtoki kwa wepesi. Uamuzi huo naukosoa, lakini siwezi kumsingizia mgeni, ulikuwa wetu.

Kinyume chake ni mfano wa skuli za maandalizi za madrasa, ambao naona haupewi haki yake. Katikati ya miaka ya 1980, viongozi wa Kiislamu wa Pwani ya Kenya waliokuwa na wasiwasi kwamba watoto wao wanaachwa nyuma katika elimu waliwaendea watu wa Aga Khan, na mradi ukaanza Mombasa, Bi Swafiya Said akiwa miongoni mwa walimu wake wa mwanzo. Mwaka 1990 ukafika Zanzibar. Mbinu ya kufundishia ilitoka mbali kabisa: ni ile ya HighScope, iliyotokana na majaribio ya miaka ya 1960 katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan, kwa watoto wa familia maskini za Wamarekani Weusi. Ndani yake mtoto hupanga atakachokicheza, hukicheza, kisha huwaeleza wenzake alichokifanya.

Ingelikuwa rahisi kuichukua mbinu hiyo pamoja na midoli yake. Walioifanya kazi hiyo huku hawakufanya hivyo. Darasa liligawiwa kona, na katika kona ya nyumbani kukawekwa kifuu, upawa, ungo na kawa. Kona ya kuhesabia ikapata makombe ya baharini, kokwa na vizibo vya chupa. Siku ilianza kwa dua, sura fupi zilisomwa pamoja na nyimbo za Kiswahili, na mwalimu aliyefundishwa alikuwa mwanamke wa kijiji hicho hicho, akisimamiwa na kamati ya wazee walioijua bei ya kila kitu kilichonunuliwa. Nadharia ya Michigan haikufutwa: kupanga, kufanya na kueleza bado kumo. Kilichobadilika ni yule anayeamua darasa litafanana na nini. Wazee wa vijiji ambao babu zao waliitilia shaka skuli ya serikali waliikubali hii, kwa sababu hawakuambiwa wachague baina yake na chuo. Vivyo hivyo, baadaye, vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze, vilivyofadhiliwa na USAID kwa watoto wa vijiji visivyo na skuli ya maandalizi karibu, vilitumia nyimbo na michezo ya hapa hapa, japo kazi hiyo ya redio ilitegemea mfuko wa mbali kuliko ile ya madrasa.

Maudhui yanayogusa maadili yana hadithi fupi zaidi. Desemba 2013, mjini Cape Town, mawaziri wa nchi 20 za mashariki na kusini mwa Afrika, Tanzania ikiwemo, walikubaliana kuimarisha elimu ya afya ya uzazi na jinsia kwa vijana, kwa msukumo wa UNESCO na washirika wake na kwa sababu ya UKIMWI. Kati ya ahadi ya mkutanoni na ukurasa wa kitabu cha darasa la sita kuna waandishi wa mitaala, masheikhe, wazee na walimu wanaoona haya kulisoma neno mbele ya darasa. Mada huingia kwa jina la stadi za maisha, na kina chake huamuliwa na mwalimu aliyepo.

Naurudia sasa mtihani. Baada ya Cambridge likaja Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1967, na baada ya Tanzania kujitoa, NECTA ikaanzishwa mwaka 1973. Kijana wa Zanzibar anamaliza Kidato cha Nne kwa mtihani wa NECTA, ambao ni jambo la Muungano, na kwa hivyo uhuru wa Zanzibar juu ya mtaala wake ni mkubwa katika maandalizi, unapungua msingi, na unakaribia kwisha katika vidato vya juu. Mtu anayezitazama tu karatasi za Benki ya Dunia na UNESCO, akausahau mtihani huu, hataelewa kwa nini mageuzi mengi ya umahiri hufifia mwalimu anapofika kidato cha tatu na kuanza kukusanya maswali ya miaka iliyopita.

Mwaka 2025 Marekani iliifunga USAID, na miradi yake ya elimu ikakatika, mengine katikati ya mwaka wa masomo. Mwezi wa Julai mwaka huo huo ikatangaza kwamba itajitoa UNESCO. Kwa Zanzibar hilo limeifanya hoja ya ushawishi kuwa ya kivitendo. Vitabu vilivyogawiwa vipo kabatini, na walimu waliopata mafunzo hawajaisahau njia ya kufundisha silabi. Kisichokuwepo ni fedha za kupima tena, na bila ya kipimo kinachofuata hakuna atakayejua kama wasomaji wa darasa la pili wamepanda au wameshuka. Mfadhili mwengine atakuja, na atakuja na kipimo chake. Nani atazimiliki takwimu, mtoto atapimwa kwa lugha gani, na nani atalipa baada ya mwaka wa tano, ni mambo yanayoweza kuandikwa katika hadidu za rejea. Hujadiliwa katika wiki chache za mazungumzo ya mkopo au ruzuku, kabla ya mwalimu yeyote kuitwa kwenye warsha, na yakishaandikwa huwa magumu kubadilika.